Mwongozo Kamili wa Kuutembelea Rashid, Mji wa Nyumba za Matofali Karibu na Aleksandria

Wageni wengi wanaofika Aleksandria husikia habari za Rashid kwa sababu ya jambo moja tu, nalo ni lile jiwe lenye maandishi ya aina tatu ambalo Wazungu waliliita Jiwe la Rosetta, kwa namna wao walivyolitamka jina la mji huo. Jiwe lenyewe halipo Rashid. Limo London tangu mwaka 1802. Anayekwenda kwa ajili yake peke yake ataitazama nakala, atapiga picha na kurudi Aleksandria kabla ya adhuhuri, akiwa ameipita hazina halisi ya mji, yaani nyumba za wafanyabiashara zilizojengwa wakati wa utawala wa Waothmani, yaani Waturuki, ambazo zaidi ya 20 kati yake bado zimesimama. Ukiitoa Cairo, hakuna mji wa Misri wenye nyumba nyingi za zama hizo kuliko Rashid.

Mwongozo huu unamlenga msomaji atakayekuwa na siku moja nzima ya kuutembelea mji huo akitokea Aleksandria. Nimewafikiria hasa wanafunzi wa Afrika Mashariki na Kati walioko Misri, wakiwamo wanaosoma Al-Azhar na Warundi, Wanyarwanda na Wakongo wanaopitia Chuo Kikuu cha Senghor kule Aleksandria, kwa kuwa wao wanao muda wa kuufanyia mji huu haki ambayo watalii wa basi hawaifanyi.

Kwanza: jua unakwenda kuona nini

Rashid uko kwenye ukingo wa magharibi wa tawi la magharibi la mto Nile, kilomita 65 hivi mashariki ya Aleksandria, na kutoka mjini hadi mahali mto unapoingia katika Bahari ya Mediterania ni safari fupi kuelekea kaskazini. Mahali hapo ndipo siri ya utajiri wake ilipokuwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, bidhaa za Cairo zilizokuwa zikienda ng'ambo ziliteremka mto kwa mashua kupitia tawi hili, zikapakuliwa Rashid, kisha zikapakiwa katika vyombo vilivyoweza kuvuka mawimbi ya hatari ya mlango wa mto na kufika Aleksandria, Istanbul na bandari nyingine. Mchele wa mashamba ya jirani na kahawa iliyotoka Yemen kupitia Bahari ya Shamu vilipita hapa, na waliovishughulikia ndio waliojenga nyumba utakazoziona.

Mwaka 1820 ulifunguliwa Mfereji wa Mahmudiyya, uliochimbwa kwa amri ya Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri wakati huo, na maelfu ya wakulima waliokusanywa kwa nguvu, wengi wao wakafia kazini. Mfereji huo uliiunganisha Aleksandria na Nile moja kwa moja, na biashara ikahama. Aleksandria ikakua na kubomoa vya kale vyake ili ijenge vipya, huku Rashid ukibaki bila fedha za kubomolea wala za kujengea, na kwa sehemu kubwa ndiyo maana mitaa yake ya zamani imetufikia. Ukilijua hilo kabla ya kuondoka, utaielewa miji yote miwili vizuri zaidi.

Pili: chagua siku na uandae vitu vichache

Wakati ninaoupendekeza ni Septemba na Oktoba. Joto limepungua, watu wa mapumziko ya kiangazi wameondoka pwani, na ndio msimu wa kuvuna tende. Aina iitwayo zaghlul, nyekundu na ngumu, ambayo huliwa mbichi ikikatika mdomoni kwa sauti, huuzwa kando ya barabara nzima. Katika majira ya baridi tufani za Mediterania huleta mvua na upepo mkali, na vichochoro vya mji wa zamani hujaa tope.

Epuka Ijumaa, kwa kuwa mchana mji hufungwa kwa ajili ya sala na watunza nyumba huwa wamekwenda msikitini. Katika Ramadhani saa za kufungua hupunguzwa. Kwa siku za kawaida, jipange ukijua kwamba nyumba hufungwa alasiri mapema, si jioni, hivyo anayefika saa nane mchana amepoteza safari yake.

Beba pasipoti au kibali cha ukaazi, kwa sababu karibu na mlango wa mto kuna ulinzi wa pwani na unaweza kuulizwa. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha, maana katika maeneo ya mambo ya kale ya Misri wanafunzi hulipa nusu ya kiingilio cha wageni. Uwe na kadi ya benki na pia pauni za noti ndogo ndogo: kadi kwa sababu maeneo mengi ya serikali hayapokei tena fedha taslimu, noti kwa ajili ya usafiri, chai na bahashishi. Vaa viatu vigumu. Ngazi za nyumba hizi ni za juu na nyembamba, na sakafu zake za mbao zina umri wa miaka 200 au zaidi.

Tatu: safiri kutoka Aleksandria

Njia rahisi ni basi dogo, ndugu wa daladala na matatu, linaloondokea katika kituo kikuu ambacho wenyeji hukiita el-Mawqaf el-Gedid, upande wa Moharram Bey. Hakuna ratiba, gari huondoka likijaa, na utawasikia wapiga debe wakilitaja jina la mji kwa sauti. Fika mapema asubuhi. Nauli hukusanywa njiani: abiria wa nyuma humpa wa mbele yake, naye humpa mwingine, mpaka fedha zimfikie dereva, na chenji hurudi kwa mikono hiyo hiyo. Sikiliza wenzako wanalipa kiasi gani, nawe ulipe kama wao. Ukitaka kushuka kabla ya mwisho wa safari, sema "ala gamb, ya usta" na gari litasogea pembeni.

Safari huchukua saa moja au zaidi kidogo. Kaa dirishani. Baada ya kuuacha mji utapita karibu na mji wa Idku na ziwa lake, mabwawa ya samaki na mitende, mitende kila upande hadi upeo wa macho. Ipo pia treni ya kwenda Rashid, lakini ni ya polepole na haimfai mtu wa siku moja. Anayetoka Cairo asijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, alale Aleksandria.

Nne: anzia makumbusho

Ukishuka, chukua bajaji na uombe kupelekwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Rashid. Jengo lake ni nyumba ya Arab Killi, aliyekuwa gavana wa mji katika karne ya 18, kwa hiyo kwa kuingia makumbusho tayari umeianza ziara ya nyumba. Ndani mna silaha, vyombo vya nyumbani, hati na picha zinazoeleza jinsi majeshi ya Waingereza yalivyoshindwa hapa mwaka 1807.

Tukio hilo ni la fahari kubwa kwa wenyeji, na utalisikia kwa kila utakayezungumza naye, kwa hiyo lifahamu. Waingereza waliitwaa Aleksandria Machi 1807, kisha wakatuma kikosi kuutwaa Rashid. Gavana Ali Bey al-Salanikli akaamuru mashua zipelekwe ng'ambo ya mto ili askari wake wasipate njia ya kukimbilia, na watu wakajificha majumbani kimya. Askari wa Kiingereza waliingia wakidhani mji umesalimu amri, wakajitawanya vichochoroni, ndipo risasi zikawashukia kutoka madirishani na juu ya dari. Walishindwa tena kwenye mapigano ya pili mwezi uliofuata, na Septemba 19 mwaka huo huo waliondoka Misri. Tarehe hiyo ndiyo siku rasmi ya mkoa wa Beheira, ambao Rashid ni sehemu yake. Ukitembea baadaye katika vichochoro hivyo vyenye madirisha yaliyotokeza pande zote mbili, utaona mwenyewe kwa nini kikosi kile hakikuwa na pa kujificha.

Nakala ya jiwe itazame hapa. Mwaka 2005 Makumbusho ya Uingereza iliipa Misri nakala yenye ukubwa wa jiwe halisi, nayo ikawekwa katika makumbusho haya. Jiwe la asili lina tamko la makuhani la mwaka 196 kabla ya Kristo kwa heshima ya mfalme Ptolemaio wa Tano, limeandikwa kwa hieroglifu (maandishi ya picha ya Misri ya kale), kwa demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri wa kale) na kwa Kigiriki, na kwa kulinganisha maandishi hayo Mfaransa Champollion alitangaza mwaka 1822 kwamba amepata ufunguo wa hieroglifu. Wamisri wameomba lirudishwe, na mwaka 2022 mwanaakiolojia Zahi Hawass alianzisha ombi la umma kwa ajili hiyo. Nami naona wana haki: lilichukuliwa na Wafaransa walipoivamia Misri, likatekwa na Waingereza kama nyara, na watu wa Rashid hawakuulizwa na yeyote.

Kabla ya kutoka, waulize wahudumu ni nyumba zipi zilizo wazi siku hiyo na tiketi zake zinakatwa wapi. Ukarabati huendelea mara kwa mara, na nyumba iliyokuwa wazi mwaka jana huenda leo imefungwa.

Tano: isome nyumba kutoka chini kwenda juu

Hapa ndipo siku yako itumike zaidi. Kama utapata muda wa nyumba moja tu, iwe ile ya al-Amasyali, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, pamoja na kinu cha Abu Shahin kilicho ubavuni mwake. Ukipata muda zaidi, uliza nyumba ya Ramadan na ile ya al-Mizuni, inayohusishwa na familia ya Zubayda, binti wa Rashid aliyeolewa mwaka 1799 na Menou, jenerali Mfaransa aliyesilimu na kujiita Abdallah.

Usikimbilie kuingia. Simama upande wa pili wa kichochoro uutazame ukuta wote. Matofali ni madogo, yamepangwa kwa zamu, mekundu na meusi, na kati yake kuna chokaa nyeupe iliyochomoza kidogo, kiasi kwamba ukuta mzima unaonekana kama mkeka wa ukili wa rangi. Kati ya safu za matofali kuna boriti za mbao zilizolazwa. Hizo huufunga ukuta usipasuke pale udongo laini wa mto unapotitia. Kila ghorofa imetokeza nje kuliko ile iliyo chini yake. Pembeni na milangoni tafuta nguzo za mawe zisizofanana: nyingi zilitolewa katika magofu ya Kifarao, ya Kigiriki na ya Kirumi, zikatumiwa upya na mafundi ambao hawakuona sababu ya kulitupa jiwe zuri.

Ukiingia, ghorofa ya chini ni ya kazi. Hapo palikuwa na ghala, zizi la wanyama na birika kubwa chini ya ardhi lililojazwa maji ya Nile wakati wa mafuriko. Katika baadhi ya nyumba kuna dirisha la maji linalotazama nje, ambapo mpita njia alipewa maji kama sadaka. Mwombe mtunza nyumba akuonyeshe mdomo wa birika na mahali maji yalipopandishwa juu. Wengi hulipita eneo hili haraka kwa sababu lina giza na halina nakshi, ilhali bila hilo nyumba nzima isingeishi.

Ghorofa inayofuata ilikuwa ya wanaume na wageni wao, yenye viti virefu kandokando ya kuta na madirisha ya kimiani yanayoingiza upepo na kuzuia macho ya nje. Juu yake ndiyo ghorofa ya wanawake na familia. Hapo utakuta kuta zilizofunikwa kwa makabati ya mbao yenye vipande vya pembe na lulumizi, na juu ya makabati nafasi iliyofichwa nyuma ya kimiani, ambapo wanawake waliweza kukaa na kutazama bila kuonekana. Usiache kuomba kuonyeshwa kabati linalozunguka: upande mmoja wanawake waliweka sinia ya chakula, kabati likageuzwa, na upande wa pili wanaume wakakipokea, pasipo mtu kumwona mwenzake. Juu kabisa kuna hamamu dogo, yaani bafu, lenye kuba iliyotobolewa na kuwekwa vioo vya rangi ili mwanga uingie.

Msomaji aliyezikulia nyumba za mawe za Lamu ataitambua nia hii mara moja, kisha ataona tofauti iliyo muhimu. Lamu hutafuta faragha kwa kwenda ndani: unatoka daka (ukumbi wa mlangoni), unapita kiwanda (ua wa ndani), unavuka msana (chumba kirefu chembamba) mmoja hadi mwingine, na ndani kabisa ndiko kwa wenyewe. Rashid hutafuta faragha kwa kwenda juu, ngazi baada ya ngazi. Nenda na jambo hilo akilini uone jinsi kila mlango na kila dirisha linavyolitumikia.

Katika kinu cha Abu Shahin utaona magurudumu ya meno ya mbao na mawe ya kusagia yaliyozungushwa na wanyama. Muulize mtunzaji akueleze mnyama alisimama wapi na nafaka ilimiminwa kutoka wapi; mtambo huu hauelezeki kwa bango.

Mtu akikufungulia mlango uliokuwa umefungwa na kukutembeza kwa uvumilivu, mpe bahashishi ya kiasi, na umwite "ya hagg" ikiwa ni mtu mzima. Usilipe, hata hivyo, kwa ajili ya kupandishwa kwenye dari iliyozuiwa. Mbao hizo ni dhaifu kweli.

Sita: misikiti na hamamu

Msikiti wa Zaghlul, mkubwa na wenye msitu wa nguzo za kale, ndio unaotajwa na wenyeji kwamba adhana ya mnara wake ilikuwa ishara ya kuanza mapigano ya 1807. Maji ya chini ya ardhi yameusumbua kwa muda mrefu, na utaiona athari yake. Msikiti wa Domaqsis, wa mwaka 1704, umejengwa juu ya maduka, na unaufikia kwa ngazi. Ingia nje ya nyakati za sala, vua viatu, na wanawake wajifunike kichwa. Hamamu ya Azouz, yenye marumaru, inatosha kwa robo saa.

Saba: kula, kisha ukae mtoni

Samaki ndio chakula cha hapa. Katika mikahawa ya karibu na mto na soko unachagua samaki mwenyewe, anapimwa, kisha anachomwa au kukaangwa na kuletwa pamoja na wali wa kahawia uliopikwa kwa vitunguu. Ulizia bei ya kilo na ya kupikiwa kabla samaki hajaingia jikoni. Fesikh, samaki wa chumvi aliyevundikwa ambaye Wamisri humpenda wakati wa sikukuu ya Sham el-Nessim, anunuliwe kwa muuzaji anayeaminika tu, kwa sababu akiandaliwa vibaya huua.

Baada ya chakula, mafundi wa mashua na wasukaji wa makasha ya makuti wanastahili muda wako, na wengi hawaoni tabu kutazamwa ukiwasalimia kwanza. Unaweza pia kukodi mashua hadi msikiti wa Abu Mandur, kusini ya mji kwenye kona ya mto. Patana bei ya kwenda na kurudi pamoja. Kwenye tawi hili hili, juu zaidi katika mji wa Fuwwa, ndiko Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alikopita mwaka 1326, miaka michache kabla ya kufika Mombasa na Kilwa mnamo 1331.

Nane: ngome na mlango wa mto, ukiwa na muda

Kilomita chache kaskazini ya mji iko ngome iliyojengwa na Sultani Qaitbay katika karne ya 15. Wafaransa waliikarabati mwaka 1799 na kuiita Julien, na Julai mwaka huo askari waliokuwa chini ya afisa Bouchard walilikuta jiwe lile likiwa limetumika kama jiwe la kawaida la ujenzi. Bajaji itakufikisha, mwambie dereva akusubiri. Usipige picha za askari, vituo vya ulinzi wala boti zao.

Mbele ya hapo bahari imeila nchi. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lianze kuizuia tope ya Nile katika miaka ya 1960, rasi ya Rashid imeendelea kumomonyoka, na kuta za zege ziliwekwa kuyazuia mawimbi.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua jambo jingine lililotokea kwenye maji haya. Tarehe 21 Septemba 2016, mashua iliyojaza mamia ya wahamiaji waliotaka kwenda Italia ilizama nje ya pwani hii, na zaidi ya watu 200 walikufa. Wengi walikuwa Wamisri, na pamoja nao walikuwamo Wasudani, Waeritrea na Wasomali. Baadaye mwaka huo Misri ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wasafirishaji haramu wa wahamiaji. Ukikutana na wavuvi wa huku, usiianzishe habari hiyo kwa udadisi. Wapo waliopoteza jamaa, na wapo walioopoa maiti kwa mikono yao.

Tisa: kurudi

Rudi kwenye kituo cha mabasi kabla ya magharibi, kwa kuwa jioni abiria hupungua na gari huweza kukaa muda mrefu likisubiri kujaa. Kabla ya kupanda, muulize dereva kama anafika el-Mawqaf el-Gedid au anaishia vitongoji vya mashariki ya Aleksandria. Ukiwa unaishi upande wa Mandara au Maamura, mwambie mapema akushushe njiani, ili usilazimike kuuvuka mji wote mara mbili.